WATU WAZIMA NA BEMBEA: HISTORIA YA SAFARI ZA MAPUMZIKO ZILIZOLIPIWA KWA AKIBA



Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 hapa Morogoro, tukiwa akina mama 18 na sanduku moja lenye kufuli tatu. Leo mwaka 2025 tuko 30. Habari za hisa, mikopo na marejesho zimeandikwa na katibu na mweka hazina katika kurasa zao, na hatutazirudia hapa. Ukurasa huu ni wa jambo moja ambalo limeleta maneno mengi kikundini kuliko hata riba. Jambo lenyewe ni safari ya watu wazima kwenda kwenye bustani ya michezo, mahali penye bembea, mabirika ya kuteleza na mashine za kuzungusha watu.

Kwenye mkutano mkuu wa kuvunja mzunguko, hoja italetwa ipigiwe kura. Hoja inasema mfuko wa safari uwe wa kudumu, na kila mwanachama anayetaka apumzike siku tatu Dar es Salaam, bila watoto, kwa hela yake aliyoiweka mwenyewe. Kabla ya kunyoosha mkono, ni vizuri tujue kwamba jambo hili si la jana, wala halikuanzishwa na matajiri.

MANENO YALIYOSEMWA

Hoja hii ililetwa mara ya kwanza mwaka 2019, ikaangushwa. Wengine walisema, eti mama wa miaka hamsini na wajukuu, anakwenda kubembea? Wengine wakasema hela ya ada ya watoto haiwezi kugeuzwa hela ya kuteleza kwenye maji. Waume wa baadhi yetu walisema yao, na hayo hatuyaandiki.

Lakini neno zito kuliko yote lilisemwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua. Yeye hakusema safari ni dhambi wala aibu. Aliuliza tu, "Nikienda siku tatu, nani atauza vitumbua vyangu?" Kikao kizima kilinyamaza, kwa maana hakuna aliyekuwa na jibu. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, biashara zikalala, hoja ikalala nazo. Mwaka 2021 mwenzetu huyo akafariki dunia. Alisomesha watoto watano kwa vitumbua, na bahari hakuwahi kuiona kwa macho yake, ingawa kutoka hapa Morogoro mpaka pwani ni mwendo wa asubuhi moja.

Baada ya msiba huo tulianza kuulizana upya. Mwaka 2022 tulipata semina ya ushirika, tukafundishwa habari za Rochdale kama ilivyo kawaida ya semina hizo. Tukauliza, hao wafanyakazi wa Rochdale walioanzisha ushirika, walikuwa wakipumzika lini? Mkufunzi alicheka, lakini alilichukua swali. Yeye, pamoja na binti wa mwanachama mwenzetu anayesoma chuo, walitutafutia habari, nasi tumezisoma pamoja vikao vingi. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

BUSTANI ZA KWANZA HAZIKUWA ZA WATOTO

Sisi tumezoea kuona bembea ni kitu cha mtoto. Historia inasema vingine. Bustani ya michezo iliyo ya zamani kuliko zote duniani na ambayo bado inafanya kazi iko Denmark, karibu na mji wa Copenhagen, na inaitwa Bakken. Mwanzo wake unahesabiwa kuwa mwaka 1583. Watu walikwenda msituni kufuata chemchemi ya maji waliyoamini ni dawa, na pale penye watu wengi wakaja wachuuzi, wapiga ngoma na wacheza mazingaombwe. Yaani ilianza kama mnada wetu unavyoanza: watu wakikusanyika, na biashara inakuja.

Katika mji huohuo wa Copenhagen, tarehe 15 Agosti 1843, mtu aitwaye Georg Carstensen alifungua bustani nyingine, Tivoli, yenye maua, muziki, taa na bembea ya kuzunguka. Waliokwenda pale walikuwa watu wazima, waliovaa nguo zao nzuri baada ya kazi. Bustani zote mbili zipo hadi leo.

Lakini hizo zilikuwa bustani za mji, mtu anakwenda jioni na kurudi kulala kwake. Safari yenyewe, ya kufunga mzigo, kupanda treni na kulala ugenini ili ukacheze, ilienea sana kwa watu wa chini katika nchi ya Uingereza. Na walioieneza ni wafanyakazi wa viwanda vya pamba.

AKINA MAMA WA VIWANDA VYA PAMBA

Jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, lilijaa viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma nguo. Miji yake ni kama Oldham, Burnley, Blackburn, Bolton na hiyo Rochdale tuliyofundishwa, ambako mwaka 1844 wafanyakazi 28 walichanga hela zao wakaanzisha duka lao la ushirika. Nasi watu wa Afrika Mashariki tunahusika na viwanda hivyo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1902 wenye viwanda waliunda chama chao pale Manchester cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na Uganda ikawa mojawapo ya nchi zilizolima pamba hiyo. Mama wa kwetu alipalilia, mama wa kule akasokota.

Wafumaji wengi wa Lancashire walikuwa wanawake. Kazi yao si mchezo. Mashine zilikuwa nyingi katika ukumbi mmoja, na kelele zake zilikuwa kubwa hata mtu hasikii sauti ya jirani yake. Basi wanawake wale walijifunza kusoma midomo. Walizungumza siku nzima bila sauti, kwa kuchezesha midomo tu. Wengi walipofika uzeeni masikio yao yalikuwa yameharibika. Sheria ya mwaka 1847 ndiyo iliyopunguza kazi ya wanawake na vijana viwandani iwe saa kumi kwa siku, na hapo watu waliona wamepata nafuu kubwa. Sasa wewe fikiria ilivyokuwa kabla yake.

Kila mji ulikuwa na juma lake la mapumziko, lililoitwa Wakes. Asili yake ilikuwa sikukuu ya kanisa la mahali hapo. Zama za viwanda zilipokuja, wenye viwanda waliona wafanyakazi hawaji kazini siku hizo hata wakitishwa, wakaamua bora wafunge kiwanda juma zima na kutengeneza mashine. Miji haikufunga pamoja. Huu ukifunga juma hili, ule unafunga juma lijalo, hivyo hivyo majira yote ya joto.

Hapa ndipo penye somo letu, tusome polepole. Juma hilo la mapumziko halikuwa na mshahara. Kiwanda kimefungwa, mashine imesimama, na mfanyakazi halipwi hata senti moja. Kwa hiyo mama wa Lancashire alikuwa na swali lile lile la mwenzetu wa vitumbua. Nikipumzika, nani atanilipa?

Jibu walilolipata lilikuwa akiba. Viwandani, mitaani, makanisani, hata kwenye vilabu vya pombe, watu waliunda vyama vya kuweka akiba ya safari. Kila juma, siku ya mshahara, mwanachama anatoa kiasi kidogo na kinaandikwa. Mwaka mzima unakwenda hivyo, na siku chache kabla ya juma la Wakes chama kinavunjwa, kila mtu anapewa chake. Je, hiyo si ndiyo kuvunja kikoba? Hakuna tofauti ila lugha.

Na akiba hiyo haikuwa ya nauli peke yake. Aliyepanga vizuri aliweka ya aina tatu. Ya kwanza ni ya kwenda na kukaa. Ya pili ni ya kuziba pengo la mshahara wa juma lile, kwa sababu kodi ya nyumba haijui likizo. Ya tatu ni ya kurudia, maana ukirudi unaanza kazi Jumatatu na mshahara utaupata mwisho wa juma, katikati hapo watu watakula nini? Aliyesahau hiyo ya tatu alirudi na furaha na kuikuta njaa mlangoni.

BLACKPOOL, MJI ULIOJENGWA NA SENTI ZA WENGI

Wengi wao walikwenda Blackpool, mji wa pwani ya Lancashire. Reli ilifika pale mwaka 1846. Kabla ya hapo bahari ilikuwa ya wenye farasi na magari ya kukokotwa. Treni ilipofika, mfumaji naye akaweza kuiona. Baadaye sheria ya mwaka 1871 ikaongeza siku za mapumziko ya benki, na watu wakazidi kumiminika.

Sasa kwa kuwa kila mji ulikuwa na juma lake, mtaa mzima ulihama pamoja. Ulimwacha jirani yako nyumbani asubuhi, jioni unamkuta ufukweni. Mji nao ulibaki kimya, maduka yamefungwa, mabomba ya moshi ya viwanda hayatoi moshi. Hii iliwasaidia sana akina mama, kwa maana hakuna aliyeweza kumsema mwenzake kwamba amekwenda kuponda hela wakati msemaji mwenyewe yuko kwenye foleni ya bembea.

Na walilala wapi? Walilala kwenye nyumba za wanawake wa Blackpool, wenye nyumba za wageni. Hao nao wanastahili kukumbukwa katika kijitabu cha akina mama wajasiriamali. Mama mmoja anakodi nyumba, anajaza vitanda kila chumba, anapika, anafua, anaweka hesabu. Katika nyumba nyingi mgeni alinunua chakula chake mwenyewe sokoni, nyama yake na viazi vyake, akamkabidhi mwenye nyumba ampikie. Kila familia ilikula chake. Mgeni alilipia kitanda na kupikiwa, na wengine walitozwa hata kwa kutumia chumvi na pilipili ya mezani. Watu walilitania jambo hilo miaka mingi, lakini mwenye kutozwa alijua bei mapema, akaipanga. Wengi walirudi nyumba ileile kila mwaka, mpaka mwenye nyumba na mgeni wakawa kama ndugu.

Mwaka 1894 ulifunguliwa mnara wa chuma wa Blackpool, wenye urefu wa kama mita 158, ulioiga ule wa Paris. Ndani yake mlikuwa na sarakasi, samaki wa kutazama, na baadaye ukumbi mkubwa wa dansi. Kuingia ilikuwa peni sita, kupanda juu peni sita nyingine, sarakasi nayo peni sita. Kila mlango na bei yake, kwa hiyo mtu alichagua kabla hajafungua pochi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1896, William George Bean alianzisha bustani ya michezo kwenye mchanga wa kusini mwa mji ule. Bean alikuwa amekaa Marekani, akaona mashine za kule. Nia yake aliitamka wazi: alitaka mahali ambapo watu wazima watajisikia watoto tena, wafurahi furaha isiyo na ubaya. Tunaomba msomaji arudie sentensi hiyo. Mwanzilishi alisema watu wazima. Hakutaja watoto. Mwaka 1904 iliwekwa pale mashine ya kuruka ya mhandisi Hiram Maxim, ambayo watu hukaa kwenye vyombo vinavyoning'inia na kuzungushwa hewani. Mwaka 1923 ikaja reli ya mbao ya vigari vinavyopanda kilima na kushuka kwa kasi, iitwayo Big Dipper. Vitu hivyo viwili bado vipo.

Hebu mtazame sasa yule mfumaji. Mwaka mzima amesema kwa midomo bila sauti. Siku moja anakaa kwenye kigari, kigari kinashuka, naye anapiga ukelele kwa nguvu zake zote, na hakuna msimamizi wa kumkata mshahara. Nani atasema huo ni utoto?

UPANDE WA MAREKANI

Marekani nako mambo yalikuwa hivyo. Kwenye ufukwe wa Coney Island, katika jiji la New York, zilifunguliwa bustani kubwa za Steeplechase mwaka 1897, Luna Park mwaka 1903 na Dreamland mwaka 1904. Wateja wake wengi walikuwa vijana na watu wazima wa viwandani na madukani. Mwaka 1920 treni ya jiji ilifika pale kwa nauli ya senti tano, na umati ukawa hausemeki.

Kisha akaja Walt Disney. Yeye alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi huku binti zake wakizungushwa kwenye farasi wa mbao, yeye mzazi hana la kufanya. Akaona pafaa kuwe na mahali ambapo mkubwa na mdogo wanafurahi pamoja. Bustani yake ya Disneyland, iliyoko Anaheim katika jimbo la California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo ilikuwa taabu tupu. Jua lilikuwa kali, watu wenye tiketi za bandia waliingia kwa wingi, lami mpya ikawa laini hata visigino vya viatu vya akina mama vikazama, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Tajiri naye hupangua na kupanga upya, tusijione sisi peke yetu.

Mwanzoni kiingilio cha mtu mzima Disneyland kilikuwa dola moja, lakini kila mchezo ulilipiwa mbali. Mwaka huohuo wakaanza kuuza vitabu vya kuponi. Ni mwaka 1982 tu walipoviacha kabisa, tiketi moja ikatosha kwa siku nzima. Kwetu sisi hili ni somo la kupanga. Ukiambiwa kiingilio, uliza swali la pili: kiingilio hicho kinafungua nini, na nini kinalipiwa ndani?

LIKIZO YENYE MSHAHARA, NA SISI TUSIO NAYO

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo mwaka 1938. Hesabu wewe mwenyewe, tangu reli ifike Blackpool mpaka sheria hiyo ni miaka 92. Muda wote huo wafanyakazi wengi walikuwa wakijilipia mapumziko yao wenyewe kwa vyama vyao vya akiba. Hawakukaa kusubiri sheria.

Na kwa ukweli, mambo yale hayakudumu milele. Kuanzia miaka ya 1960 ndege za bei nafuu zilianza kuwapeleka watu Hispania, na viwanda vya pamba vikafungwa kimoja baada ya kingine. Juma la Wakes likafifia. Ila desturi ya mtu wa kawaida kwenda kupumzika haikufa, kwa sababu watu walikwisha kuiona kuwa ni haki yao.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Tunaishukuru. Lakini sheria hiyo ni ya mwenye mwajiri. Mama ntilie mwajiri wake ni nani? Muuza mboga, mshonaji, mkulima wa mpunga, msusi, nani anamsainia fomu ya likizo? Wengi katika kikundi chetu tuko hivyo. Siku tukilala, jiko limelala. Hali yetu ni ileile ya mfumaji kabla ya 1938, kwa hiyo dawa yetu nayo haiwezi kuwa mbali na ya kwake.

SAFARI YETU YA MWAKA 2023

Tulipokwisha kujifunza hayo, mwaka 2023 tulijaribu safari ya siku moja. Walikwenda wanachama 24, kwenye bustani ya michezo ya maji huko pwani ya Dar es Salaam. Tuliandikiana mkataba na mwenye basi miezi miwili kabla. Alfajiri ya safari alitaka kuongeza bei, injini inanguruma na sisi tumeshapanda. Katibu alitoa karatasi yenye sahihi yake, tukaisoma mbele ya dereva, na basi likaondoka kwa bei ya zamani. Karatasi ni kitu kidogo, ila siku hiyo ilikuwa na nguvu kuliko kelele za watu 24.

Tuliuliza mapema mavazi yanayoruhusiwa kwenye maji, na hivyo wale wanaojisitiri walishona nguo zao ndefu za kuogelea, hakuna aliyerudishwa mlangoni wala aliyevunja heshima yake. Wenye shinikizo la damu walipima kabla ya safari, wakakaa kwenye mabwawa ya maji tulivu. Bibi yetu mkubwa kuliko wote, wakati huo ana miaka 61, aliteleza kwenye birika mara tano. Alipoulizwa na wenzake alijibu kwamba tangu aolewe hajawahi kupiga kelele bila kuwa na msiba wala moto, na leo amepiga za raha.

Jumatatu iliyofuata marejesho yote yalilipwa, hakuna hata mmoja aliyetozwa faini. Hilo liliandikwa kwenye daftari na kila mtu anaweza kuliona. Lakini wanachama sita hawakwenda. Tulipowauliza, wanne walitoa sababu moja: siku ile ni ya gulio, na biashara ikilala hawana pa kuziba. Swali la vitumbua lilikuwa bado halijajibiwa.

MPANGO TUNAOULETA

Mwalimu Nyerere alituachia usemi kwamba kupanga ni kuchagua. Sisi tumechagua kufuata njia ya wale wa Lancashire, yaani mifuko mitatu. Atakayetaka kwenda siku tatu ataweka shilingi 3,000 kila juma kwa majuma 40, jumla 120,000. Fedha hizo zitagawanywa hivi:

Mfuko wa kwanza, shilingi 80,000, ni wa safari yenyewe: treni, malazi ya watu wawili wawili chumbani, chakula na kiingilio.

Mfuko wa pili, shilingi 25,000, ni wa kufidia biashara iliyosimama. Mtu anaweza kumlipa kijana amuuzie, au akaitumia kama faida ya siku ambazo hakuuza. Wanachama wameshaupa jina, wanauita mfuko wa vitumbua, na kamati imeliacha jina hilo kwa heshima ya marehemu.

Mfuko wa tatu, shilingi 15,000, ni wa kurudia. Huo hautolewi kabla ya safari hata kwa machozi. Unakabidhiwa mkononi siku ya kurudi, ili Jumatatu mtaji uwepo na unga uwepo.

Asiyeweza 3,000 aweke 1,500 kwa majuma 80, atapata 120,000 zilezile na atakwenda na kundi la pili. Wale wa Blackpool hawakwenda siku moja wote, walipokezana mji kwa mji, nasi tutapokezana. Tena kupokezana kutasaidia sokoni, maana anayebaki atamwangalizia meza anayekwenda, na mwakani atalipwa fadhila.

Fedha za safari zitakaa kwenye daftari lake na mfuko wake ndani ya sanduku. Hazitachanganywa na hisa, wala na mfuko wa jamii, wala hazitakopeshwa. Ada ya mtoto haitaguswa, na mwenye mkopo uliochelewa atamaliza mkopo kwanza. Aliyeugua au kufiwa atarudishiwa zake zote.

Kuhusu njia, tunayo bahati. Treni ya reli mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na safari imekuwa fupi. Reli ilipofika Blackpool mwaka 1846 ni watu wa chini walioijaza. Yetu nayo isiwe ya kupita tu mbele ya macho yetu wakati tunapepea jiko.

Kamati itafika bustanini mwezi mmoja kabla na kuuliza mambo haya: siku gani wako wazi, siku gani watu ni wachache, bei ya kikundi ni kiasi gani, ndani nini kinalipiwa tena, chakula cha nje kinaruhusiwa au hakiruhusiwi, kuna mwokoaji wa majini, na mtu mzima wa uzito na umri gani anaruhusiwa kila mchezo. Majibu yatasomwa kikaoni na kubandikwa. Anayekwenda aende akijua.

NENO LA MWISHO

Akina mama wenzetu, kwa miaka kumi tumethibitisha kwamba tunaweza kuweka. Tumejenga vyoo, tumeezeka nyumba, tumesomesha na tumezika kwa heshima. Katika daftari letu kuna safu ya ada, safu ya ugonjwa na safu ya msiba. Safu ya furaha haimo. Wale wanawake wa viwandani walikuwa maskini kuliko wengi wetu, tena waliweza kuichora safu hiyo kwa peni moja moja.

Wahenga walisema kazi na dawa. Tumeshaifanya kazi. Twendeni mkutanoni tukapige kura, na atakayesema hapana aseme, maana hiyo ndiyo faida ya kikundi. Ila asiseme kwamba mapumziko ni ya watoto na matajiri, kwa kuwa historia imekwisha kutuonyesha.

Kikundi hoyee! Akiba hoyee!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote
Morogoro, 2025